Makaa Nyuma ya Nyumba ya Edina

1

Kidani kilipoanza kuongea alfajiri ile, Onorina Tweve alikuwa ameshakaa kitako kitandani, miguu ikitafuta kandambili. Kidani chenyewe kilikuwa duara la kauri lenye ukubwa wa kifungo cha koti, kimening'inia shingoni mwake kwa uzi, na kila siku kilikuwa na madogo yake ya kumwagiza. Leo kilimwambia afungue dirisha la mashariki hata kama jua halionekani, anawe uso kwa maji ya vuguvugu, kisha aimbe ubeti mmoja wa wimbo wowote aupendao.

Alifungua dirisha. Sakitu ilikuwa imelala juu ya shamba la viazi, nyeupe mpaka kwenye miti ya miwati ya mpakani, na angani hakukuwa na kitu ila Pazia. Alinawa uso. Kuimba alikataa. Alikuwa ameimba sauti ya pili kwaya kwa miaka ishirini na miwili, na sauti ya pili ukiiimba peke yako ni sawa na kuitikia salamu ambayo hukupewa.

Hayo madogo hakuwa na ugomvi nayo. Siku Ofisi ya Kipupwe ilipopanda Ikondelo kugawa vidani, waliambiwa wazi kwamba kitu hicho kitasikiliza mapigo ya moyo, kitaonja jasho, kitapima sauti, kisha kitampa mtu vitu vidogo vya kumwinua roho mpaka baridi ipite. Ilibidi. Tangu mataifa yatandaze Pazia, unga mweupe unaomwagwa na ndege zisizo na rubani kule juu kabisa, watu wa pwani walikuwa wamepona joto lililokuwa likiwaua vitandani. Walisherehekea mpaka kwa ngoma. Huku nyanda za juu za Kitulo, kipupwe kilichokuwa kinakuja Juni na kuaga Agosti sasa kilikuwa kinahamia Machi na kukaa mpaka Novemba, kama mgeni aliyeambiwa nyumba ni yake. Watu walikuwa hawafi kwa baridi peke yake. Walikuwa wanageukia ukuta, wanaacha kula, wanakwisha.

Onorina mwenyewe aliwahi kuugeukia ukuta. Mume wake Zakaria alichukuliwa na kichomi kipupwe cha pili, na baada ya mazishi alilala siku tisa, moto mekoni ukazimika, na kidani kikamwambia afungue dirisha mpaka kikachoka. Siku ya kumi mtu alibisha hodi. Alikuwa Edina Chaula, jirani wa bondeni, anatetemeka, kigae cha chungu mkononi, anaomba kaa la moto kwa sababu wake umezimika.

Basi hapo ndipo ujue mila ya Ikondelo. Mtu akija kuomba moto humnyimi, hata kama jana mlitukanana. Mwenye moto huchagua kaa kwa mkono wake, aliyepewa hulipeleka moja kwa moja mekoni kwake, na siku inayofuata sharti arudi kusema kama liliwaka. Kuombwa moto nawe huna ni aibu ya nyumba nzima. Onorina aliinuka na aibu yake, akapasua kuni, akawasha, akampa Edina kaa la kwanza. Kesho yake Edina alirudi. "Moto wako uliwaka, dada," alisema, halafu akaeleza kwamba kuni zake ni mbichi, usiku umezimika tena, na angeomba jingine.

Ilikuwa hivyo kila asubuhi, miezi minane sasa. Onorina aliamka kwa sababu Edina atakuja. Alioga kwa sababu Edina atakuja. Alichemsha viazi viwili vya ziada kwa sababu Edina hakosi njaa. Alikuwa akimtania kwamba mwanamke wa miaka arobaini asiyeweza kulinda moto hata usiku mmoja, huyo akiolewa ni kwa huruma. Edina alikuwa akicheka. Kigae chake kila siku kilikuwa kisafi, hakina hata chembe ya jivu la kulaza kaa, na Onorina alikuwa akimwekea jivu mwenyewe huku akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawakufundishwa kitu.

Asubuhi hiyo pia alikuja, akasema moto uliwaka, akapewa kaa, akala kiazi, akasimulia jinsi moshi ulivyomtoa machozi jana. Alipoondoka alisahau glavu moja juu ya kigoda.

2

Saa nne kidani kilimwagiza Onorina atembee nje hatua mia tatu. Akaona akitembea bure atajiona mwehu, heri ampelekee Edina glavu yake. Hapo Ofisi ilijichongea yenyewe, kwa sababu miezi yote hiyo Onorina hakuwa amekanyaga kwa Edina. Edina ndiye aliyekuwa akija, na njia ya bondeni ilikuwa na barafu.

Aliizunguka njia, akapita juu, shambani, akatokea nyuma ya nyumba. Pale chini ya ukuta aliona makaa.

Yalikuwa lundo la kujaza kapu, meusi, mengine yamevaa sakitu, mengine yamemomonyoka kwa mvua ya Aprili. Aliinama akaokota moja. Edina hakuwa na muwati shambani kwake, na makaa haya yalikuwa ya muwati, yamekatwa mafupi kama Onorina anavyokata kwa lile shoka la Zakaria lenye mpini mbovu. Juu kabisa palikuwa na moja ambalo lilikuwa bado linatoa uzi wa moshi. Alilitambua. Alikuwa amelichagua mwenyewe saa mbili zilizopita, akipita mengine matatu kwa sababu hili lilikuwa limeiva vizuri.

Alizunguka mpaka mlangoni, akaingia bila hodi. Joto lilimpokea usoni. Katikati ya chumba lilikaa jiko la jiwe, moja ya yale majiko ya Ofisi yenye jiwe jekundu ndani yake, ambalo likishawashwa kiwandani halizimiki miaka sita. Mama yake Edina, Bibi Lutu, alikuwa amelala pembeni yake bila blanketi, kifua kikipanda na kushuka polepole. Hakukohoa. Edina alikuwa anapepeta maharage. Alimwona Onorina, akaona alichoshika mkononi, akaweka ungo chini.

"Siku ile ya kwanza," Onorina alisema, "ulipokuja unatetemeka. Moto wako ulikuwa umezimika?"

Edina alitikisa kichwa. "Hapana, dada. Jiko lililetwa siku moja kabla."

Yaliyobaki aliyasema akiwa anaangalia maharage. Mtu wa Ofisi alikuja wakati Onorina yuko siku yake ya nane kitandani. Alisema kidani cha yule mama wa juu kinaonyesha atakufa kabla ya mwezi kuisha, dirisha na maji ya moto havimfai tena, anachohitaji ni mtu wa kumhitaji. Ofisi itatoa jiko kwa nyumba itakayokubali. Edina alimtazama mama yake alivyokuwa akikohoa damu, akakubali kabla mtu yule hajamaliza sentensi. Alikatazwa kusema. Walimwambia akisema, dawa itakufa. Kaa alikuwa analitupa kwa sababu jiko la jiwe halina mahali pa kuliweka.

Onorina alisikiliza yote amesimama. Kilichomuuma si jiko. Angekuwa na mama anayekohoa damu, labda naye angelichukua. Kilichomuuma ni yale maneno. Kila asubuhi alikuwa ameyasubiri: uliwaka, dada. Alikuwa akiyabeba mpaka jioni. Alikuwa amejisemea, Zakaria hayupo, lakini kuna nyumba moja duniani inayopata joto kwa sababu mimi nimeamka. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa akikilisha viazi.

"Ulikuwa ukinicheka?" aliuliza.

"Sijawahi kukucheka, dada."

"Ulisema moshi ulikutoa machozi."

Edina aliinua uso. Macho yalikuwa yamejaa, ila sauti haikutetemeka. "Nilisema uongo, kila siku. Lakini uliamka."

Onorina aliweka glavu juu ya ungo, lile kaa akalirudisha nje alikolitoa, akapanda mlima akihema. Kidani kilimpongeza kwa kutembea hatua nyingi kuliko alizoagizwa.

3

Kesho yake Edina alibisha hodi, Onorina hakufungua. Keshokutwa vivyo hivyo. Siku ya tatu Edina alikaa nje muda mrefu, akaita dada mara mbili kwa sauti ndogo, akaondoka. Ndani, Onorina alikuwa amelala na viatu, akitazama ukuta. Aliufahamu ukuta ule, ufa wake ulio kama mto, na aliogopa kidogo jinsi alivyokuwa akiuzoea tena haraka.

Siku hiyohiyo adhuhuri Bwana Msigwa wa Ofisi ya Kipupwe alifika kwa miguu, amevaa glavu mbili zisizofanana. Alikuwa mtu mpole, na Onorina alimchukia zaidi kwa upole huo. Alifungua kibao chake cha mwanga akamwonyesha mstari wa moyo wake tangu msimu uanze. Mstari ulikuwa umeshuka, umeshuka, umegusa chini, na siku ya kumi ukapanda. Ulikaa juu miezi minane. Siku tatu zilizopita ulianguka kama jiwe.

Alimweleza bila kuona haya. Walikuwa wamepima watu elfu kumi na mbili wa nyanda za juu. Mwanga wa dirishani humwinua mtu mpaka saa nne. Wimbo humfikisha adhuhuri. Maji ya moto huisha nguvu kabla hayajakauka usoni. Lakini mtu akijua kwamba kuna mwenzake atakayekwama asipoamka yeye, huinuka, na huendelea kuwa juu mpaka kesho yake. Shida ni kwamba siku hizi mahitaji ya kweli ni machache, kila kitu kinaletwa na Ofisi. Kwa hiyo walikuwa wanayatengeneza.

Onorina alimuuliza kama na yeye ana mtu anayemdanganya. Bwana Msigwa alisema hajui, na afadhali asijue.

Kisha akasema lililomleta. Kwa kuwa dawa ya Onorina imekwisha nguvu, kanuni inataka jiko la Edina lihamie nyumba nyingine. Na nyumba aliyoifikiria ni hii. Ng'ambo ya mgongo wa mlima kulikuwa na Mzee Ndelwa, mkausha pareto wa zamani, mjane, hajazungumza na mtu wiki mbili. Ofisi ilishamtumia kijana mmoja wa kuomba moto, akamfukuza. Mstari wake hautafika Desemba. Onorina ni mtu mzima, anaijua mila, ataaminika. Atapewa jiko. Kazi yake ni kwenda kila asubuhi na kigae.

"Unaniomba nimfanyie alivyonifanyia Edina," Onorina alisema.

"Ninakuomba umzuie asife, mama."

"Na nikikataa?"

"Tutaendelea kumtumia madogo ya kawaida. Dirisha. Maji. Wimbo."

Onorina alimfikiria yule mzee asiyemjua, na ukuta wake, na ufa wake. Alimfikiria Bibi Lutu akilala bila blanketi. Hasira yake kwa Edina ilikuwa nzima, haikupungua hata tone, lakini hasira hiyo haikuwa na haki ya kumtia baridi kikongwe. Mwishowe alitoa sharti. Atakwenda kwa Mzee Ndelwa. Jiko la jiwe halitaki, lisikanyage mlango wake. Na lile la Edina libaki lilipo mpaka jiwe lizimike lenyewe.

Bwana Msigwa alisema kanuni haina kitu cha namna hiyo. Onorina akamwambia aiandike sasa, na amsomee. Aliandika, akasoma. Halafu akauliza kwa nini anamtetea mtu aliyemsaliti, na Onorina akamwonyesha mlango.

4

Asubuhi iliyofuata aliwasha moto kama kawaida, akaota mikono, akanywa chai. Kisha akachukua birika, akaumwagia maji. Moto ulipiga kelele, nyumba ikajaa mvuke na harufu ya jivu bichi, na baridi ikaanza kuingia papo hapo kwa chini ya mlango. Alichota jivu kavu pembeni, akalilaza kwenye kigae, na tope la jivu likamng'ang'ania vidoleni. Kidani alikivua akakitundika kwenye msumari wa dirisha la mashariki, kitazame huko chenyewe.

Njia nzima alikuwa akibishana na nafsi yake. Moto uliouzima kwa mkono wako hauwi moto uliozimika, ilimwambia. Ni mchezo uleule wa Edina, umeongeza maji tu. Naye aliijibu kwamba pua yake haichezi, imeganda kweli, na nyumba yake saa hii haina hata cheche. Hawakuelewana mpaka walipofika.

Mzee Ndelwa alikuwa mrefu, mwembamba, na hakujibu hodi ya kwanza wala ya pili. Ya tatu alifungua. Mekoni kwake kulikuwa na moto mdogo, wa mtu anayewasha kwa mazoea tu. Onorina alimwamkia shikamoo, akajitaja jina na upande anakotoka, akasema amekuja kuomba moto.

Mzee hakusema marahaba. Alichukua kile kigae mkononi mwake, akakipeleka karibu na mwanga, akatia kidole kwenye jivu, akakisugua. Akatazama vidole vya Onorina.

"Yule wa kwanza alikuja na kigae kisafi kama sahani ya harusi," alisema. Sauti yake ilikwaruza kwa kutotumika. "Mtu aliyezimikiwa anatoka mbele ya jivu. Atakosaje jivu?"

Onorina alihisi uso unawaka. Miezi minane. Kigae kimekuwa kisafi mbele ya macho yake miezi minane, na yeye, mtoto wa Ikondelo, alikuwa akikitia jivu na kunung'unika kuhusu watoto wa siku hizi. Mzee huyu aliona siku moja. Au labda yeye mwenyewe pia aliona siku ya kwanza, akaamua asione.

"Umetumwa," Mzee Ndelwa aliuliza, "au moto umezimika?"

Hapo angeweza kusema la pili tu, moto umezimika, na lingekuwa kweli. Bwana Msigwa angelifurahia. Mzee angempa kaa, kesho angeamka, mstari ungepanda. Aliuona mdomo wake ukitaka kulisema.

"Nimetumwa, baba. Na moto umezimika. Nimeuzima mwenyewe asubuhi hii, nisije kwako na uongo. Kama utanifukuza, nitarudi kwenye nyumba ya baridi."

Mzee alisimama vilevile, ameshika kigae. Kisha akamuuliza nani aliyemfundisha kuchukia uongo kiasi hicho, na Onorina akamwambia: jirani yangu. Alimsimulia kwa kifupi, akilia bila kujificha, kwa sababu tangu siku ile alikuwa hajamsimulia mtu. Mzee hakumpa pole. Alipiga magoti kwa shida, akachochea meko, akaongeza kuni mbili, akangoja zishike. Ilichukua muda. Alipita kaa moja, akapita la pili, la tatu akalichukua kwa koleo, akalilaza kwenye jivu, akalifunika kwa jingine.

"Ni mbali," alisema. "Lipulize kila ukifika kona. Kesho uje uniambie kama liliwaka. Lisipowaka pia uje uniambie."

Alirudi akipuliza kila kona. Kwenye njia panda ya bondeni Edina alikuwa amesimama, amejifunga shali mbili, macho mekundu ya mtu asiyelala. Aliona kigae, akaona moshi unaotoka, na Onorina aliona jinsi alivyoelewa.

"Dada," Edina alisema. "Kesho nije?"

"Usije."

Edina aliitikia kwa kichwa. Aliinamia viatu vyake, akasita, halafu likamtoka. "Na jiko, watalichukua?"

Katika yote, hilo ndilo lililomkata Onorina maini. Alikuwa amengoja neno jingine, lolote, na hakujua kwamba analingoja mpaka alipolikosa. Angeweza kumwambia aliloandikisha. Angeweza kumwambia ni nani wa kumshukuru. Lakini shukrani ya mtu huyu hakuitaka tena, maana asingejua ipi ni ya kweli.

"Mama yako hatalala kwenye baridi," alisema, akapita, kwa sababu kaa halisubiri maneno.

Nyumbani alikuta meko yameganda. Kaa lilikuwa limebaki jicho moja jekundu chini ya jivu. Alipiga magoti, akalizungushia maganda makavu ya muwati, akapuliza mpaka kichwa kikazunguka, akapumzika, akapuliza tena. Moshi ulimwingia machoni, machozi yakamtiririka, akakumbuka uongo wa Edina kuhusu moshi na kulia zaidi. Ganda moja lilijikunja, likashika. La pili likashika.

Hakukuwa na mtu wa kumwambia mpaka kesho. Alikaa karibu na moto ule, akapasua kuni za usiku, na kwenye chungu akatia viazi viwili vya kumpelekea Mzee Ndelwa asubuhi, atakapokwenda kumwambia kwamba uliwaka.